Mfagizi wa Nywele

Ndugu zangu, siku ile mjinga nilikuwa mimi, msihangaike kutafuta mwingine. Mimi ni kinyozi, na mdomo wangu ni mkali kuliko wembe wangu. Asubuhi hiyo kibanda kilikuwa kimetulia: mashine inanguruma, benchi limejaa, mzee anafagia nywele polepole kati ya miguu ya wateja.

Kwangu kuna desturi. Wanaosubiri hupokezana kusoma kwa sauti kitabu cha hadithi za kale, na anayemkatiza msomaji hupoteza zamu yake ya kunyolewa. Hata wabishi huwa wapole.

Akaingia mteja mgeni, suti imenyooka, nikampitisha mbele ya foleni, akakaa kitini nikaanza kumnyoa. Akamtazama mzee.

"Huyu nani?"

"Mfagizi tu," nikasema. "Nimemhurumia, asikae bure."

Ufagio ukasimama, kisha ukaendelea. Ndugu zangu, yule mzee ni baba yangu mzazi, aliyenifundisha kazi kwenye kiti hichohicho kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Nilimwonea haya mbele ya suti ya watu!

Dereva wa lori, aliyekuwa na zamu ya kitabu, alikuwa akisoma habari za tajiri aliyetembelewa na wakubwa. Mama wa tajiri huyo akapita uani na mzigo wa kuni. Wageni wakauliza ni nani, tajiri akajibu, "Kijakazi wa jikoni." Benchi zima likaguna. Kelele kubwa ilikuwa yangu:

"Hana haya huyo! Angekuwa hapa ningemnyoa pamoja na masikio!"

Wakacheka. Kicheko kilipokwisha, baba akauegemeza ufagio ukutani.

"Mnyoe basi. Kioo kiko mbele yako."

Na mimi, kwa upumbavu, nikataka kuligeuza neno lake kuwa mzaha. "Aa, mzee, umemkatiza msomaji! Zamu yako imepotea!"

Hakuna aliyecheka. Dada yangu mkubwa, anayeshona nguo kibanda cha pili, alikuwa amesimama mlangoni, sindano bado mdomoni. Akaitoa.

"Zamu yake ilipotea siku ulipoanza kupata wateja wa suti. Baba, chukua koti lako, twende kwangu."

"Dada, usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Heshima ipi? Ile aliyokuwa anaifagia?"

Wakaondoka. Mwenye suti naye akavua shuka, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu msitu.

"Kaka, hujamaliza!"

"Mtu anayemkana baba yake hawezi kushika wembe shingoni mwangu."

Akatoka hivyohivyo, mtaa mzima ukimtazama na kuuliza alinyolewa wapi.

FUNZO

Usimkane mzazi kwa kutafuta sifa za mpita njia. Mpita njia atapita, na ufagio utabaki wako. Tena, waliotunga zamani hawakutunga ili tuwacheke wafu. Walitutazama jikoni, sokoni, vitini, wakatuandika. Anayefungua kitabu kumsaka jirani atampata jirani kila ukurasa. Jisake wewe kwanza.

Mimi nilichelewa. Nilipokwenda kwa dada kumbembeleza baba arudi, bado nilikuwa nabisha.

"Baba, unanihukumu kwa hadithi? Aliyeitunga alikufa zamani, hata hakunijua!"

Baba hakuinua macho. "Angekujua, mwanangu, asingehangaika kutunga."