Nani Amehamisha Jiko Langu?

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kilungu, na mimi nilikuwa nashuka mteremko kutafuta mawe ya kupikia, kwa sababu niliona haya kusema kwamba nimesahau gesi.

Mimi, Mbithe! Mimi ninayelipwa kupeleka watu kupiga kambi. Wiki nzima nilikuwa nimewajazia wateja wangu ujumbe kwenye simu. Jiko lako liwashe nyumbani kwanza. Hema lisimamishe uani uone kama vijiti vyote vipo. Soksi kavu zitie kwenye mfuko wa nailoni, na usidanganywe na joto la mji wa Wote, huko juu ya Nunguni kuna baridi ya kukausha midomo. Halafu mwenyewe nikabeba kopo tupu la gesi, lile jipya nikaliacha juu ya meza. Nilipolitikisa na kusikia halina kitu, masikio yaliniwaka moto.

Aliyejua ni Ndunge peke yake. Tumesoma naye tangu shule ya msingi, kanisani tunaimba sauti moja, na siku hiyo alikuja kunisaidia kupika. Hakutaka kuja. Nilimbembeleza mpaka akachoka kukataa.

"Usiwaambie," nilimnong'oneza. "Tutasema leo tunapika kienyeji."

Niliposema hivyo mbele ya wateja wangu, Nyamai na wenzake wa ofisini, walipiga makofi. "Hiyo sasa ndiyo camping!" Nyamai akasema. Walidhani nimepanga. Nikatabasamu kama mtu aliyepanga.

Pale tulipokuwa tumesimamisha mahema kulikuwa na nyasi tu na majabali yasiyobebeka. Ndiyo maana tulishuka, mimi na Ndunge, mpaka kwenye boma lililohamwa. Kuta zilikuwa zimeanguka. Mbarika umeota mlangoni. Na katikati ya kile kilichokuwa jikoni, mawe matatu yalikuwa yamekaa vilevile, meusi kwa masizi.

Ndunge alisimama.

"Mbithe, hayo ni maiko ya mtu."

Maiko ndiyo mafiga kwa Kikamba. "Mtu gani?" nikamuuliza. "Unaona mtu hapa?"

"Susu aliyemzaa mama yangu alikuwa anatukataza. Alisema maiko ya mwanamke hayatolewi kwake, hata akishaenda. Tutafute mengine."

"Na wewe umeokoka ama hujaokoka? Giza linaingia, watu wana njaa. Beba hilo moja."

Hakubeba. Aliweka mikono nyuma, akaniangalia tu. Basi nikayabeba mwenyewe, mawili kwanza, nikarudi kuchukua la tatu.

Lile la tatu lilikuwa na joto.

Nikajiambia ni jua. Lakini siku hiyo vilima vilikuwa vimeshinda ndani ya ukungu, na jua tuliliona dakika chache tu likienda zake.

Moto uliwaka haraka, haraka kuliko kuni zile mbichi zilivyostahili. Nikateleka maji ya chai. Nyamai akanusa hewa. "Chai gani hii inanukia muthokoi?" Kila mtu akacheka. Ni kweli. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yanachemka taratibu... harufu ilijaa kambi nzima, na ndani ya sufuria kulikuwa na maji matupu.

Walipanda kidogo kwenye jabali kupiga picha za taa za mji. Ndunge aliingia hemani kutafuta sukari. Nikabaki peke yangu na moto.

Kwaruu... kwaruu...

Ilikuwa sauti ya mwiko unaokwangua ukoko. Niliangalia sufuria. Hakuna aliyeigusa.

Kwaruu...

Alikuwa amesimama pale mwanga unapoishia. Mwanamke mzee, leso kiunoni, mwiko mkononi. Nilidhani ni jirani. Nilitaka kumsalimia, nikaona moshi. Moshi wote ulikuwa umeacha kupanda. Ulikuwa unatambaa chini, unakwenda kwake, na yeye hakohoi.

"Nuu?" akanong'ona. Nani?

Nikawasha tochi ya kichwani. Mwanga ulimpita, ukapiga miti iliyokuwa nyuma yake.

"Nani amehamisha jiko langu?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Aliuliza kama mama anayeuliza nani amemwaga maziwa. Ningesema ni mimi, susu, nisamehe, nayarudisha sasa hivi. Lakini ulimi ulikuwa umezoea kujificha tangu mchana.

"Ni Ndunge," nikasema. Nikaonyesha hema kwa kidole.

"Ndunge," akarudia polepole, kama anayeonja chumvi. Kisha pale aliposimama pakabaki ukungu.

Ndunge akatoka na pakiti ya sukari. "Umeniita?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameniita."

"Ukaitika?"

"Si nilidhani ni wewe," akasema. "Nimeitika."

Asubuhi nilimwaga majivu, nikayarusha yale mawe vichakani. Usiache alama ya moto wako, ndivyo ninavyowafundisha watu. Nyamai alinisifu. Boma lilikuwa pale chini tu, lakini sikuthubutu kushuka.

Wiki haikuisha, mama yake Ndunge akanipigia simu kwamba Ndunge anaumwa. Nilipofika kwao, mama alikuwa amekonda yeye kabla ya mgonjwa.

"Anaamka alfajiri," akaniambia. "Anachuchumaa katikati ya jikoni na mwiko, anakoroga hewa. Chakula hagusi, anasema si chake. Mchungaji ameomba mpaka sauti ikakauka. Mbithe mwanangu, huko mlipikia nini?"

"Gesi, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa, akaenda kuchota maji. Nikaingia kwa Ndunge. Chumba kilinuka moshi, na nyumba ile hawapikii kuni. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka. Nilipoketi, hakunitazama.

"Nilikusikia," akanong'ona. "Nilikuwa hemani, nikasikia ukitaja jina langu. Nilidhani unaniita, sasa najua ulikuwa unampa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ilinifanya nitake kuvua ngozi niiache pale kwenye kiti.

"Ananiuliza kila siku, Mbithe. Nuu? Ananishikisha mawe ya moto, ananiuliza ni nani. Namwambia sijui." Akavuta pumzi. "Nikisema ni wewe, atakuja kwako."

Nilitoka nikilia. Uani nilimweleza mama yake: kopo tupu, boma, mawe. Nilisema "tulichukua". Neno "nilichukua" lilinikwama. "Nitayarudisha leo," nikamwambia, "na nitamwomba huyo susu msamaha." Akanishika mikono akaniita mwana mwema.

Nilipanda peke yangu. Huwa nakataza watu kupanda peke yao. Mawe mawili niliyapata upesi. La tatu lilinitesa mpaka ukungu ukashuka na jua likaanza kuondoka, na nilipolipata chini ya kichaka, lilikuwa bado moto. Nililifunga kwa sweta, nikashuka nayo yote bomani, nikayapanga kwenye alama zake palepale. Yalikaa kama meno kwenye ufizi.

Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi. Ni mimi, susu. Ndunge alikataa, ni mimi. Maneno machache, mtoto angeyasema.

Kwaruu...

Nyuma yangu.

Harufu ya muthokoi ikanizunguka. Moshi, ambao haukuwa na moto, ukatambaa ukanigusa vifundo vya miguu.

"Nuu?"

Nikafungua mdomo. Nikamwona Ndunge na viganja vyake. Nikajiona mimi nimechuchumaa jikoni kwangu alfajiri, nakoroga hewa.

"Sijui," nikasema.

Ndunge alisema sijui ili aniokoe mimi. Mimi nililichukua neno lake lilelile nikajiokoa nalo. Nikakimbia mteremko mzima, na hakuna aliyenifuata. Hakuwa na haja ya kunifuata. Alikuwa na jina tayari.

Mama yake Ndunge alikuwa ananingoja mlangoni na taa.

"Umeyarudisha?"

"Nimeyarudisha, mama."

"Na umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akamshukuru Mungu kwa sauti, akanivuta ndani, akaniwekea kikombe cha chai cha mgeni anayeheshimiwa. Chai ilikuwa inanuka muthokoi. Niliinywa yote, kwa sababu alikuwa ananiangalia kwa upendo.

Kutoka jikoni, ambako taa ilikuwa imezimwa, mwiko ulianza kukwangua. Kisha nikamsikia Ndunge, sauti yake imechoka, anajibu mtu:

"Sijui, susu. Kweli sijui."