Raya na Mkaa wa Kima

Raya anakaa kando ya msitu. Anakaa na Mama, na Mjomba Shaame.

Kazi ya Mama iko msituni. Anataka kujua kima punju, wale wa mgongo mwekundu, wanakula nini.

Kima akila, Mama hutazama.
Kima akihama, Mama huandama.

Asubuhi Raya akiamka, Mama keshatoka. Usiku Mama akirudi, Raya keshalala.

Kwenye mto wa kitanda hubaki harufu tu. Harufu ya Mama, harufu ya majani mabichi. Raya hunusa. Nff, nff.

"Mama," huita polepole. Mto haujibu.

"Mjomba, Mama atarudi saa ngapi?"

"Kima wakishalala." Mjomba Shaame alikuwa akipepea jiko la mkaa. Fu! Fu! Fu!

"Wanalala wapi?"

"Mbali huko! Mabosi wale! Breki-fasti majani, lanchi majani, dina majani. Kazi fulu taimu ya kutafuna, na juu yake, mtu wa kuwatazama! Mie na digrii yangu hapa, nani ananitazama?"

"Mimi," alisema Raya.

Mjomba akacheka. Kidogo tu.

Kima akila, Mama hutazama.
Kima akihama, Mama huandama.

Mara, chaka! Kima mmoja akaruka ukutani. Akachomoa kipande cha mkaa guniani. Akatafuna. Kru, kru, kru.

"We kima! Mkaa wangu!" Mjomba alifoka. Kima huyoo, juu ya mti!

"Mjomba, anakula mkaa?"

"Eti dawa! Mama yako anasema majani ya mti wa mkungu huwachafua tumbo. Mkaa huwatuliza."

Raya akashika tumbo lake. Hamu ya Mama ilikuwa humo humo.

Akatia kipande cha mkaa mdomoni. Kru... ptuu! Ptuu!

Mdomo mweusi tii. Na hamu iko pale pale.

Raya akawaza. Kima wakija hapa, Mama naye atakuja!

Jioni akabeba mkaa kwa viganja viwili. Akaumwaga chini ya mkungu, nyuma ya nyumba. Akakaa kizingitini, akangoja.

Jua likashuka. Hakuna kima. Hakuna Mama.

Kuku wakaingia bandani. Hakuna kima. Hakuna Mama.

Chaka.

Chaka-chaka-chaka! Kima! Huyu mkubwa, yule mdogo. Na huyu ana mtoto kifuani.

Raya alimtazama yule mtoto. Amemshika mama yake kwa mikono yote.

Kru, kru, kru. Wakala mkaa. Wakapanda mkungu. Wakalala hapo hapo.

Na kichakani, nani huyo? Majani kichwani, darubini shingoni...

"Mama!"

"Shhh! Raya! Hujalala?"

Raya akamrukia kifuani. Akamshika kwa mikono yote.

"Mkaa huu nani kautia?" aliuliza Mama.

Raya akaficha mikono nyuma. Mdomo haukufichika.

"Mimi. Tumbo laniuma kwa hamu yako. Nilitaka kima waje na wewe."

Mama akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Usiwatilie tena, mwanangu. Wajitafutie wenyewe. Ndipo nijue wanakula nini."

"Na mimi je? Nikutafute wapi?"

Mama akainama. Akamkumbatia. Kisha akamgeukia Mjomba, aliyesimama mlangoni.

"Shaame, digrii unayo. Macho unayo?"

"Mawili, dada! Mazima!"

"Nahitaji msaidizi. Kuanzia kesho, jioni utawaandama wewe."

"Kwa mshahara?"

"Kwa mshahara."

"Basi hata tawini nitalala!"

Kima akila, Mjomba hutazama.
Kima akihama, Mjomba huandama!

Usiku ule, Raya alinusa mto. Nff, nff. Harufu ya majani mabichi.

Na safari hii, Mama mwenyewe.

"Tumbo bado lauma?" Mama alinong'ona.

"Limepoa," alisema Raya.

Kima wamelala juu ya mkungu.
Raya amelala. Na Mama yupo.