Jioni Ndiva Ilipoachwa Wazi

Kila siku kengele ya mwisho ikishalia, Rogathe alikuwa wa kwanza kufika uwanjani na Mwanaasha wa pili. Walivua viatu vya shule, wakavipanga kando ya goli, wakaanza kupigiana pasi kabla Mwalimu Paskali hajatokea na filimbi yake.

Uwanja wa shule yao, huko Vudee katika milima ya Upare, ulichongwa ubavuni mwa mlima kwa majembe ya wazazi. Upande wa juu kuna ukuta wa udongo mwekundu. Upande wa chini hakuna kitu. Mpira ukitoka huko hudunda mara moja kwenye majani, ukapita katikati ya migomba ya watu, ukaishia korongoni. Kwa hiyo uwanja ule una sheria yake ambayo haijaandikwa popote: aliyeupiga nje ndiye anayeuteremkia. Huwezi kumtuma mdogo wako, wala kusingizia kwamba ulisukumwa. Hata Mwalimu Paskali, wiki yake ya kwanza shuleni, alipiga shuti la kuonyesha umahiri likavuka mwamba wa goli, na timu nzima ikasimama kimya ikimsubiri. Aliteremka, na viatu vyake vilivyong'arishwa.

Mwanaasha alikuwa na miaka kumi na mitatu kama Rogathe, lakini Vudee alikuwa na miaka miwili tu. Baba yake, mtu wa Kigoma, alikata mkonge katika shamba moja huko chini hadi alipofariki. Ndipo mama yake alipopanda mlimani, akapanga chumba kwa Bibi Agatha na kukaanga mihogo ya kuwauzia wanafunzi. Siku za mwanzo watoto walimwita "wa nyikani", wakamcheka alivyohema akipanda vilima. Kisha akapewa mpira. Tangu alipovaa jezi namba sita, jina la nyikani lilikufa. Walimwita Sita, na yeye akaanza kusema "kwetu Vudee" kama mtu aliyezaliwa hapo.

Juu ya shule ipo ndiva, bwawa dogo ambalo wazee wa zamani walilichimba ili kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mifereji asubuhi. Ndiva ile ilichimbwa na ukoo wa kina Rogathe, na mpaka leo inaitwa kwa jina la ukoo huo. Kila nyumba ina siku yake ya kupata maji. Kila jioni lazima mtu azibe tundu la kutolea maji kwa gogo, alishindilie kwa tope na magome ya migomba, asikilize mpaka mlio wa maji ukome. Jioni ya Alhamisi ilikuwa zamu ya shule, na tangu mwaka uanze kazi hiyo ilikuwa ya Rogathe na Mwanaasha.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, jua likiwa limekausha hata vumbi, Mwalimu Paskali aliwakusanya wachezaji. Jumatano inayofuata wangeshuka Same mjini kucheza mechi ya kuamua shule itakayoingia fainali ya wilaya. Kesho, alisema, angemtaja nahodha, na nahodha ndiye angepiga penalti.

Mazoezi yalipokwisha, Rogathe hakutaka kuondoka. Alitamani unahodha ule hata usingizini. Alimwambia Mwanaasha awahi nyumbani akamsaidie mama yake kumenya mihogo, yeye angebaki apige penalti kidogo.

"Na ndiva?" Mwanaasha aliuliza.

"Nitaziba mimi. Nenda."

Mwanaasha aliondoka akiruka ruka. Rogathe akapiga kumi kulia, kumi kushoto, kumi tena kulia, mpaka ukungu ulipoteremka na kulifunika goli. Kisha akakimbia nyumbani. Ndiva aliikumbuka akiwa ameshaosha miguu na kukaa mekoni. Alitazama nje, giza likiwa limeanza kuingia, akajiambia kwamba jioni moja tu haiwezi kumaliza bwawa zima.

Asubuhi ndiva ilikuwa tope tupu. Maji yote yalikuwa yamekwenda korongoni bila kugusa shamba la mtu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bibi Agatha. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na kwa namna kijito kilivyopungua, zamu yake nyingine ingekuja baada ya siku kumi na mbili. Maua ya maharage hayasubiri siku kumi na mbili. Bibi alisimama ukingoni na jembe lake, anatazama tu lile tope.

Mzee Fanueli, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliita watu. Mwalimu Paskali alikuja na timu yake. Mzee aliuliza nani alikuwa na zamu, wakatajwa wawili. Mwanaasha alieleza bila wasiwasi, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, kwamba Rogathe alibaki na alisema ataziba mwenyewe.

Mzee Fanueli akamgeukia Rogathe. "Ni kweli, mjukuu wangu?"

Rogathe aliona kitambaa cha nahodha mfukoni mwa mwalimu, kimechungulia. Aliona pia macho ya ukoo wake wote, watu ambao ndiva ile ndiyo heshima yao.

"Mimi nilikuwa uwanjani," alisema. "Kila mtu aliniona. Nilijua Mwanaasha amepita ndivani akienda kwao."

Hakusema zaidi, na haikuhitajika zaidi. Hakuna mzee hata mmoja aliyeweza kuwaza kwamba mtoto wa ukoo ule ataiacha ndiva wazi. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba watu wa nyikani hawajui thamani ya maji ya mlimani. Mwanaasha alilisikia neno lile. Hakulia wala kubisha. Alimtazama Rogathe, akasubiri, kama timu inavyosubiri ukingoni mwa uwanja. Rogathe akatazama chini.

Mwanaasha alitolewa kwenye timu. Mchana aliirudisha jezi namba sita, imefuliwa na kukunjwa, akaiweka mezani kwa mwalimu. Jioni hiyo Bibi Agatha, kwa hasira ya maharage yake, alimwambia mama yake Mwanaasha atafute chumba kwingine. Chumba kingine hakikupatikana. Kila waliyemwuliza alikuwa ameshaisikia habari ya ndiva. Jumatatu asubuhi karai la mihogo halikuonekana shuleni. Mwanaasha na mama yake walikuwa wameshuka Kisiwani, kijiji cha upande wa pili wa milima, kwa dada wa yule mama.

Rogathe alikuwa nahodha sasa. Kitambaa kilimkaa vizuri mkononi.

Jumatano, mjini Same, upepo ulipuliza vumbi uwanjani na mashabiki wakajifunika kanga usoni. Mara tatu Rogathe alipiga pasi ya kisigino bila kutazama, kama alivyozoea, na mara tatu mpira ukaenda mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kipa wao, Jenoveva, alimfokea kwamba anampigia pasi mzimu.

Mechi ikaisha sare, ikaenda kwenye penalti. Ya mwisho ilikuwa yake. Aliuweka mpira chini, akapiga kulia, pale pale alipopiga mara ishirini jioni ile. Nyavu zikatikisika. Wenzake walimbeba juu juu wakiimba jina lake, na Rogathe akalia huko juu kwa sauti. Wote wakadhani ni furaha.

Kesho yake hakwenda mazoezini. Alikwenda kwa Bibi Agatha. Alimkuta shambani anang'oa maharage yaliyokauka, anawatupia mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona huko uwanjani wanakuita hata mimi nasikia?"

Rogathe akapiga magoti kwenye udongo mkavu, akasema yote: zile penalti, ukungu, maji ya kuosha miguu, na uongo alioutoa ndivani. Alisema haraka, kama mtu anayetapika.

Bibi Agatha aliacha kung'oa. Alilitazama shina la maharage lililokuwa mkononi mwake.

"Nilimfukuza mtoto wa watu," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Miaka miwili ananichotea maji. Mimi sikumwuliza hata swali moja." Kisha akauliza, "Pale uwanjani kwenu, mpira ukienda bondeni mnafanyaje?"

"Aliyeupiga anauteremkia, bibi."

"Basi inuka. Huu tumeupiga wawili."

Walianza kwa Mzee Fanueli. Mbele ya kamati na timu, Rogathe alirudia maneno yake, safari hii polepole. Mama yake alijifunika uso kwa kanga. Mwalimu Paskali alichukua kitambaa cha nahodha, akasema kwamba yeye pia alihukumu kwa haraka kwa sababu alitaka kushinda. Rogathe hangecheza fainali. Kamati ikampa adhabu ya kuzoa tope la ndiva kila jioni mpaka msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka kufanya kazi ya pamoja, na siku hiyo asimame aeleze kwa nini tope limepungua. Hakuomba apunguziwe. Kwa kweli alitamani waongeze, kwa sababu akiwa na koleo mkononi maumivu ya kifuani yalipungua.

Jumamosi yeye na Bibi Agatha walipanda gari hadi Same, wakabadilisha, wakazunguka milima mpaka Kisiwani. Rogathe hakuwahi kuiona milima ya kwao kwa upande wa nyuma. Ilionekana ya watu wengine.

Walimkuta Mwanaasha uwanjani. Uwanja wa Kisiwani ni tambarare. Mpira ukitoka unaviringika kidogo, unasimama wenyewe, na yeyote aliye karibu anaurudisha. Mwanaasha alikuwa peku, anacheka na wasichana wenzake. Alipowaona, kicheko kikaisha.

Alimwamkia Bibi Agatha kwa adabu. Bibi akamshika mikono yote miwili, akamwomba radhi, akamwambia chumba chao kipo, hajakipangisha kwa mtu. Mwanaasha alijibu kwamba amesamehe, ila chumba ni neno la kumwambia mama yake. Mama yake alikuwa ameshasema hapandi tena.

Rogathe alitoa jezi namba sita kwenye begi. "Nimewaambia wote," alisema. "Wanajua ni mimi. Mwalimu anasema nafasi yako ipo. Nisamehe, Sita."

Mwanaasha aliipokea jezi, akaikunjua, akaitazama mgongoni.

"Siku ile nilikusubiri," alisema. "Ungesema neno moja tu. Ningekusaidia hata kuzoa tope."

"Najua."

"Nilidhani mimi ni mtu wa Vudee. Kumbe nilikuwa mtu wa Vudee mpira ukiwa uwanjani tu. Ulipotoka nje, nikarudi kuwa wa nyikani." Aliikunja jezi kwa uangalifu, akamrudishia. "Nimekusamehe, Rogathe. Lakini siwezi kurudi. Hapa nina timu."

Nyuma yake mtu aliita, "Shasha, unacheza au huchezi?" Mwanaasha akageuka, akakimbia. Walikuwa wameshampa jina jingine.

Njiani Rogathe alilia mpaka kanga ya bibi ikalowa. Bibi Agatha hakumnyamazisha. Walipofika Same na kukaa kusubiri gari la mlimani, ndipo aliposema.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ulidhani ukienda utarudi naye. Mpira ukiuteremkia mapema unaukuta kwenye migomba. Ukichelewa, unakuta mto umeshaupeleka. Wewe na mimi tumechelewa. Lakini ni afadhali tumeteremka, kwa sababu leo jina la yule mtoto ni safi kwetu na kwao. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maneno yangali machache. Timu si jezi, wala si kushinda. Timu ni yule anayesema 'ni mimi' ili mwenzake asiumie."

Rogathe aliitikia kwa kichwa. Jezi ilikuwa mapajani mwake, na ilikuwa nzito kuliko alipokuja nayo.

Alhamisi iliyofuata, wenzake wakiwa uwanjani wanajiandaa kwa fainali bila yeye, alipanda ndivani peke yake. Alilitia gogo kwenye tundu, akalishindilia kwa tope na magome ya migomba kama walivyokuwa wakifanya wawili. Mlio wa maji ukapungua, ukawa mnong'ono, ukakoma. Hakuondoka. Alikaa ukingoni akasikiliza tena, na tena, mpaka alipokuwa na hakika kabisa kwamba hakuna tone linalotoka. Kisha, kwa mazoea, akageuka ili amwambie mwenzake kwamba tayari wanaweza kwenda.