Majuto ya Naetwe Mshana

Kipimamajuto hakikudanganyika kwa machozi. Kilikuwa kiti cha chuma chenye kanda mbili, mmoja wa kifuani na mmoja wa kichwani. Kilisoma mapigo ya moyo, jasho na mikondo ya ubongo, kisha kikatoa asilimia: huyu anajutia kosa lake kiasi gani. Aliyefika themanini, rekodi yake ya jinai ilifutwa papo hapo na pasi yake ya kusafiria ikafunguliwa. Asiyefika alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Ndiyo maana nje ya Ofisi ya Msamaha mjini Same walijazana walimu wa majuto, wakiwafundisha watu kuhema kama waliofiwa. Upuuzi mtupu!

Naetwe Mshana aliwapita wote bila kuwatazama. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na binti yake Nambua alikuwa Korea na mimba ya kwanza, zimebaki wiki tatu. Nani angemkanda? Nani angempikia uji wa uzazi? Roboti? Thubutu!

"Taja kosa lako, mama," alisema Senkoro, karani wa mashine, akimfunga kanda.

"Nilivunja lango-akili la ndiva yetu kwa nyundo."

Ndiva ni bwawa la kijiji kule milimani. Zamani wazee walipeana zamu za maji. Siku hizi lango-akili, lango la maji linaloongozwa na kompyuta, lilipiga hesabu lenyewe, na kiangazi kile likaona bustani za mjini zina haki kuliko watu. Likakifungia kijiji maji.

"Unajuta?"

"Sijuti."

Taa ikawaka nyekundu. Sifuri.

Senkoro akashusha sauti. "Mama yangu, una nafasi tatu tu. Mfikirie mjukuu."

"Nikimfikiria mjukuu ndiyo sijuti kabisa!"

Nyekundu tena.

Senkoro alijikuna kichwa. Hakutaka kumfukuza mtu wa umri wa mama yake. "Jamani, mama. Katika kesi nzima, hakuna hata kimoja kinachokuuma?"

Naetwe aliishika ncha ya kanga yake.

"Kipo," alisema. "Lango lilifungwa Jumatatu. Jumatano Kajiru, mtoto wa jirani yangu, akafa kwa kuharisha, zahanati haina hata tone la maji. Mimi nimevunja Alhamisi. Nyundo ilikuwa uvunguni mwangu tangu Jumatatu, mwanangu. Niliogopa jela. Mtoto anakauka nyumba ya pili, mimi naogopa jela!"

Taa ikawaka kijani. Asilimia tisini na tisa.

Mashine ilijua kupima uzito wa majuto. Majuto ya nini, haikufundishwa kuuliza. Senkoro alifundishwa, na kwa kanuni alipaswa kuisimamisha. Aliitazama taa, akamtazama mama yule anayejifuta macho kwa ncha ya kanga, akaiacha iendelee.

"Weka dole gumba hapa," alisema. "Limebaki swali moja la kumbukumbu, halina alama. Utarudia kosa?"

"Kwani watafunga tena?"

"Sijui, mama. Wengi huandika 'hapana'."

"Usiniandikie uongo." Naetwe alijivua kanda mwenyewe, akasimama. "Andika hivi: wakifunga tena, safari hii sitangoja siku ya nne."

Senkoro aliandika vile vile, neno kwa neno. Kisha akafungua pasi.