Uwanja wa Baiskeli Nyuma ya Tangi la Maji

Wazazi wenzangu, na nyinyi msio na watoto lakini mna mikono, hili ni lenu. Nitalisimulia lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Jioni moja ya kiangazi fundi baiskeli wa mtaa wetu, mwanamke tuliyezoea kumwita Mama Spoki, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karakana yake akinyoosha rimu iliyopinda. Binti yake wa miaka kumi na miwili alichuchumaa kando yake akiziba pancha, huku anaimba kwa sauti ya puani. Huyo tulimwita Kengele, maana kengele ya baiskeli yake ilifika popote kabla yake mwenyewe. Baba yake alikwishafariki, na wawili hao walikuwa wakitaniana mchana kutwa kama mtu na wifi yake.

Ndipo breki za lori zikalia barabarani. Mtoto wa fundi cherehani alikuwa ameshuka mteremko na baiskeli, akakosa pa kukatia. Hakufa, ila mkono wake wa kulia haushiki kalamu tena.

Kesho yake asubuhi Kengele hakugusa chai.

“Mama, barabarani umenikataza. Uwanja wa shule una kufuli. Sasa sisi tuendeshe wapi?”

Mama Spoki akaenda kulitafuta jibu. Alipanda ngazi za ofisi ya mji mara nane kuomba uwanja wa matuta. Msioujua, ni njia ya udongo inayozunguka, yenye vilima vidogo na kona zilizoinuliwa. Mtoto hakanyagi pedali humo. Anainuka na kuinama tu, na baiskeli inakwenda yenyewe. Hauhitaji saruji. Unahitaji kiwanja, udongo na watu wa kuchimba.

Mara ya nane ofisa alichoka kumwona. “Kile kiwanja nyuma ya tangi la maji kiko wazi,” alimwambia. “Udongo tutawaletea. Lakini mwisho wa mwezi nakuja kukagua. Nikikuta lundo limekaa vilevile, kiwanja nawapa wenye malori. Wanakitaka kwa maegesho.”

Mama Spoki alipotuletea habari hiyo kwenye mkutano wa mtaa, tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwenyekiti wa mtaa alisimama, akamshika bega mbele ya watu wote. “Mama Spoki, hili ni letu sote. Tuko nyuma yako.”

Na kweli tulikuwa nyuma yake. Nyuma sana.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na tisa, nusu yao wakiwa na simu za kupigia picha. Ya pili walikuja wanne. Ya tatu hakuja mtu. Kwenye kundi letu la simu, Mama Spoki alipoandika “Njooni jamani, zimebaki siku chache,” alijibiwa kwa picha za dole gumba. Mmoja alikuwa na mgongo. Mwingine ana wageni. Wengi, ajabu ya Mungu, mabeleshi yao yalikuwa yameazimwa, wala hatukuulizana yameazimwa na nani.

Basi wakachimba wawili, mama na binti. Karakana ilishinda imefungwa, wateja wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Viganja vya Mama Spoki vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Akilala aliota matuta. Akiamka alipiga hesabu ya siku. Alijaribu kumwacha Kengele nyumbani.

“Nikikaa nyumbani utachimba na nani?” mtoto aliuliza, na mama hakuweza kumdanganya.

Zikabaki siku mbili. Mchana ule toroli lao likakatika ekseli. Mvua ya juzi yake na jua lililoifuata vilikuwa vimelifanya lundo la udongo kuwa gumu juu kama chungu kilichochomwa.

“Naenda kwa kinyozi kuazima toroli,” Mama Spoki alisema. “Wewe pumzika. Na ukichukua udongo, chukua wa juu tu. Usichimbe chini.”

Kinyozi alikuwa na mteja kwenye kiti. “Dada yangu, nakuonea huruma kwelikweli,” alisema bila kuondoa wembe. “Lakini unaona mwenyewe nilivyobanwa.”

“Sikuombi wewe, kaka. Naomba toroli.”

“Liko nyuma, lina vitu juu yake. Pitia kesho.”

Mteja akafungua jicho moja katikati ya povu. “Na wewe unajitesa bure. Acha tu, ofisi wataujenga wenyewe.”

Mama Spoki akarudi mikono mitupu.

Alipolizunguka tangi la maji aliona lundo limebadilika umbo. Ubavu mmoja ulikuwa umeporomoka. Baiskeli ya Kengele iliegemea ukutani, ndala moja iko chini, mtoto hayupo. Alimwita mara moja, na kabla sauti haijaisha alikwishaelewa. Mtoto alikuwa amefuata udongo laini wa chini ili kazi iende haraka.

Alichimba kwa mikono. Kucha zilimng’oka, hakusikia. Alichimba huku akipiga ukelele, na udongo ukawa unarudi kila alipoutoa.

Hapo ndipo mtaa ulipotoka. Mabeleshi yalitokea kila mlango. Kinyozi alikuja mbio akisukuma toroli, wembe ungali mfukoni mwa shati. Watu walichimba bila kusemezana. Walipomtoa, Kengele alikuwa wa rangi ya majivu. Mwalimu wa shule alimpulizia pumzi mara nyingi mno, hadi wengine wakageuza nyuso pembeni. Kisha mtoto akakohoa udongo.

Nyonga yake ilivunjika mahali pawili. Daktari alimwambia mama yake wazi kwamba atatembea kwa gongo, na baiskeli asahau.

Jioni ile watu hawakurudi nyumbani. Walibaki kiwanjani, na kesho yake wakaja zaidi, hata wenye migongo. Ofisa alipofika alikuta uwanja umekamilika, vilima vimeshindiliwa vizuri, akaandika kwamba umefaulu.

Mwenyekiti alikwenda hospitali kupeleka habari. Mama Spoki alikuwa akimnywesha Kengele uji kwa kijiko, vidole vyake vimefungwa bandeji.

“Tumeumaliza, Mama Spoki,” mwenyekiti alisema. “Kwa siku mbili tu. Watu wanataka uje uufungue wewe.”

Mama Spoki alimfuta mtoto mdomo, akaweka kijiko chini.

“Siku mbili,” alisema. “Kumbe ilikuwa kazi ya siku mbili.”

Mwenyekiti akayatoa machungwa aliyokuja nayo. Aliyaweka mezani, akaondoka.

FUNZO

Ndugu zangu, Mama Spoki hakuwa na adui katika mtaa wetu. Sote tulimpenda, sote tulimpigia makofi, na ndivyo tulivyomwachia mzigo wetu ukamwangukia mtoto wake. Anayekuahidi kisha asitokee anakuumiza kuliko aliyekataa tangu mwanzo, kwa sababu aliyekataa humtegemei. Ukisema utakuja, njoo. Kama huwezi, sema huwezi, mwenzako ajue yuko peke yake. Na mtu akiomba beleshi kwa ajili ya watoto wa wote, mpe leo, maana kesho unaweza kulibeba kwenda kumfukua mtoto wake.