Siku Watu Walipolikimbilia Ghala

Kila siku baada ya shule, Verediana alichota maji, akabandika wali wa bibi yake, kisha akafungua redio. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita mjini Ifakara. Ilikuwa Aprili 1992. Wazazi wake walikuwa wamehamia shambani, upande wa Lupiro, kuwinga ndege wasimalize mpunga. Yeye, kama watoto wengi msimu huo, alibaki mjini na bibi yake, Kandida. Chakula chao chote hadi mavuno kilikuwa magunia manne ya mpunga, yaliyowekwa kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima.

Mchana mmoja taarifa ya habari ilisema kwamba serikali italipa madeni ambayo vyama vya ushirika vimeshindwa kuyalipa benki. Verediana alilisikia vizuri kila neno, ila maana yake hakuielewa.

Alijitwika ndoo ya mpunga waliyoichota ghalani wiki ile, akaenda kwenye mashine ya kukoboa. Wanawake walikuwa kwenye foleni, wakitaniana na kucheka.

"Shikamooni," aliwaamkia.

"Marahaba, mtoto wa redio! Leo wamesema nini?" aliuliza Mama Paulina, jirani yao.

"Serikali italipa madeni ya vyama vya ushirika."

Vicheko vilikatika ghafla.

"Kumbe chama chetu kinadaiwa!" alisema mmoja.

"Ukiona mtu anaopolewa majini, jua alikuwa anazama," alisema mwingine. "Wamekopa wakubwa, watalipishwa wadogo. Serikali itatoa hela bure? Itachukua mpunga wetu!"

Mama Paulina alimshika Verediana bega. "Mwanangu, wamesema ghala litafungwa?"

Verediana hakujua. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mtoto huyu, tuseme ukweli, alipenda mno kuonekana mjuzi.

"Ndiyo," alijibu. "Kesho."

Foleni ilisambaratika. Wengine waliacha hata ndoo zao. Verediana alibaki amesimama peke yake. Alitaka kuwaita warudi, lakini alijitwika ndoo yake akaondoka.

Alipofika nyumbani, bibi hakuwepo. Nyamizi, rafiki yake wa darasani, alikuja anahema. "Bibi yako kaenda ghalani! Baba yangu naye kakimbia na mkokoteni wa ng'ombe. Eti ghala linafungwa!"

Verediana alitua ndoo. Alikimbia.

Ghalani watu walikuwa wakisukumana, watoto wanalia. Kila familia ilikuwa imeshonea kipande cha khanga yake kwenye mdomo wa gunia, ili mali isichanganyike. Siku hiyo hakuna aliyetazama khanga ya mtu. Mzee Telesphory, mtunza ghala, alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Nje, Bibi Kandida alikuwa ameketi juu ya magunia yake mawili, akiyakumbatia asije mtu akayabeba. Magunia mengine mawili yalikuwa bado ndani. Wingu lilikuwa jeusi juu yake.

Mvua ikashuka. Mpunga ukilowa ndani ya gunia huchipua au huoza, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Hata hivyo waliendelea kuutoa.

Verediana aliogopa sana. Aliogopa kupigwa, akaogopa aibu. Lakini alipomwona bibi yake akijivua kitenge ili afunike gunia, alipanda juu ya mizani ya chama akapaza sauti.

"Acheni! Nimesema uongo! Redio haikusema ghala litafungwa. Nimetunga mwenyewe!"

Mama Paulina alimjia juu, mkono ameuinua. Mzee Telesphory akasimama katikati yao.

"Mwacheni, mtoto amesema kweli," alisema kwa sauti iliyokauka. "Chama kilikopa kununua matrekta, kikashindwa kulipa. Benki ingeweza kuliuza ghala hili. Serikali inalipa ili libaki. Mpunga ni wenu, haukuwa wa chama hata siku moja. Kama mna hasira na waliokopa, hata mimi ninazo, tutaulizana mkutanoni. Sasa rudisheni mpunga ndani!"

Watu walitazamana, kisha wakaanza kubeba. Magunia mengi yaliokolewa. Mawili ya Bibi Kandida yalikuwa yamelowa hadi ndani.

Verediana na bibi waliuanika mpunga ule chumbani juu ya mikeka, wakiugeuza kila saa kwa siku tano. Karibu nusu ulichipua. Ilibidi wale mlo mmoja kwa siku hadi mavuno.

Siku ya tano Verediana alilia. "Bibi, nisamehe. Nilidhani nikisema sijui, watanicheka."

"Wangekucheka," alijibu Bibi Kandida, akiendelea kuchambua punje. "Wangekucheka, halafu wangekoboa mpunga wao wakaenda kupika. Watu walikuwa tayari na woga, mjukuu wangu, na mwenye woga huamini lolote analoambiwa. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Neno 'sijui' halijamlowesha mtu gunia lake."