Kadi Iliyokatwa kwa Wembe

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, Odette Brannigan alimwaga kadi zake za besiboli juu ya meza ya jikoni na kuzipanga mwaka kwa mwaka. Nyingi zilikuwa za wachezaji waliosahaulika hata hapa mjini Toledo, lakini babu yake ndiye aliyezikusanya alipokuwa kijana.

Jumamosi hii hakupanga kitu. Alishika wembe na rula.

Wiki mbili nyuma, Rhonda Sitko wa darasani kwao alimhakikishia kwamba kadi ya mdakaji mmoja wa mwaka 1957 ni takataka, akaichukua na kumpa kadi tano mpya zinazong'aa. Kesho yake akatamba shuleni kwamba amepata kadi adimu kwa mjinga. Darasa zima likaanza kumwita Odette "Tano Mpya." Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili aliacha kulia, akaanza kuwaza atakavyolipiza.

Akachagua kadi ya kawaida iliyochakaa, akakata kingo zake mpaka pembe zikawa kali kama imetoka kiwandani jana. Jumatatu akambadilishia Rhonda kadi hiyo kwa kadi kumi mpya, akijifanya hajui thamani yake. Rhonda aliondoka akichekea moyoni.

Siku ya kubadilishana kadi dukani kwa Bi Halvorsen, muuza kadi wa mtaani, Odette aliwahi mapema, akasimama mahali pa kuona vizuri. Bi Halvorsen aliiweka kadi ya Rhonda juu ya nyingine ya mwaka uleule. Ilikuwa fupi.

"Hii imekatwa kingo ionekane mpya, haina thamani," alisema. "Umekuja kunidanganya dukani kwangu? Kusanya vitu vyako, usirudi tena."

Watoto wakacheka. Odette alisikia utamu mpaka kwenye vidole.

"Nimepewa na Odette," Rhonda alisema.

Wote wakamgeukia. Angesema tu "mwongo," nani angemwamini Rhonda? Odette akafungua kinywa. Macho yake yakaangukia ile kadi: wembe ulikuwa umekula ncha ya gongo la mchezaji na ukingo wa herufi ya mwisho ya jina lake. Babu aliitunza miaka thelathini.

"Nimeikata mimi," alimwambia Bi Halvorsen. "Nilitaka umwaibishe kama alivyoniaibisha."

Bi Halvorsen alimfutia Rhonda adhabu ya kufukuzwa, kisha akawasikiliza wote wawili hadi mwisho. Kadi ya mdakaji ikarudi kwa Odette, na zile mpya kumi na tano zikarudi kwa Rhonda.

"Bado nakuchukia," Rhonda alinong'ona.

"Najua. Mimi pia."

"Chukianeni mkipenda," alisema Bi Halvorsen, "lakini nisikilizeni. Rhonda, ulidanganya ili upate. Odette, ulidanganya ili uumize, na ulichoharibu ni cha babu yako mwenyewe. Mtu akikudhulumu, njoo useme mbele ya watu, haki yako utaipata. Ukimlipa kwa udanganyifu, mnakuwa wadanganyifu wawili. Kuanzia leo kila kadi mtakayoniletea nitaipima kwa rula, mpaka siku nitakapoona sina haja tena."